Majani ya Kutoka Tanga

Mume wangu alikuwa mpiga zumari, na kama hujawahi kuolewa na mpiga zumari, mshukuru Mungu. Zumari lenyewe halina shida: kipande cha mti kilichotobolewa matundu, ukilitundika ukutani linatulia. Kinachosumbua ni ulimi wake, kile kipande kidogo cha jani la mvumo, mti wa jamii ya mnazi, kinachokunjwa, kinachongwa kwa wembe, kinafungwa kwa uzi kwenye kimrija cha shaba, halafu mtu anakitia mdomoni na kupuliza. Huo ulimi ndio ulikuwa mke mkubwa nyumbani kwangu. Mimi nilikuwa bi mdogo.

Alikuja Kahama miaka ya tisini, wakati kila mwenye miguu alikuwa anakuja, akiwauzia mitumba wachimbaji wa dhahabu. Kwao ni Tanga, na hilo ungelijua kabla hujamaliza kumsalimia. Siku ya Ijumaa anakaa barazani na wembe wake, anakwangua, anatia mdomoni, linatoka pee moja la kusikitisha, anatikisa kichwa, anakwangua tena. Chakula kinapoa. Ukiwa mwembamba, anasema, ulimi unalia upesi lakini sauti ni ya kitoto. Ukiwa mnene, sauti inashiba, ila mpigaji anavimba mashavu na shingo mpaka unamwonea huruma. Upande mmoja ukizidi mwingine, zumari linakoroma. Haya yote nilikuwa nayajua kwa moyo, maana hakuna mtu mwingine aliyekubali kukaa kumsikiliza.

Sasa sikiliza upuuzi wenyewe. Majani alikuwa anaagiza Tanga. Yanapanda treni, yanapanda basi, yanafika Kahama yamekauka yanavunjika mkononi. Na Kahama hiyo hiyo mivumo imejaa, sisi tunaiita mihama, imesimama pembeni ya majaruba ya mpunga haina kazi.

"Mvumo na mhama si mti mmoja?" nilimuuliza.

"Mti mmoja," alinijibu, "malezi tofauti. Jani lisilopigwa na upepo wa bahari haliwezi kuimba."

Malezi. Mtu mzima na ndevu zake anazungumzia malezi ya jani. Kama vile majani ya Tanga yalipelekwa chuoni na ya kwetu yakaachwa yachunge ng'ombe.

Baba yangu, mzee wa Kisukuma wa Nyahanga, mwenye ng'ombe na mpunga wake, hakuwahi kumkubali. Mume wangu akimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku anaangalia zizi. Chakula aliandaliwa bandani, peke yake, kama fundi aliyekuja kuziba paa. Jina hakuwa nalo. Alikuwa "yule wa majani." Miaka mitano niliyokuwa nimeolewa, mume wangu hakuwa amevuka kizingiti cha nyumba niliyozaliwa, na mimi nikila ndani na ndugu zangu tonge halishuki.

Ndipo mdogo wangu wa kike akapata mchumba, na akang'ang'ania kwamba atatoka nyumbani kwa zumari la shemeji yake, siyo kwa spika. Baba alifikiri siku nzima, halafu akaniita.

"Sawa. Likilia vizuri, ataingia ndani tule naye. Likimkwama, nakodi spika, na hapa asikanyage tena. Utakuwa unakuja peke yako."

Nilimfikishia mume wangu maneno hayo kama yalivyo. Nikamwomba, chonde, chonga hata ulimi mmoja wa mhama, uwe wa akiba. Akanitazama kama nimemwambia ale panya.

Ilikuwa kiangazi, ule upepo wetu wa vumbi unaopasua midomo. Baada ya alasiri bwana harusi amesimama uani na kanzu yake, wanawake wameshashika midomo tayari kwa vigelegele. Mume wangu akafungua kikopo chake, ndimi tatu, zote za Tanga. Wa kwanza ulipasuka kabla haujatoa sauti. Wa pili ukalia kama mbuzi aliyekabwa, ukanyamaza. Wa tatu akaulowesha mdomoni muda mrefu mpaka ukalegea, ukajifunga, akipuliza inatoka hewa tupu. Shangazi yangu akacheka, na yeye akicheka anasikika mpaka sokoni. Baba akamtuma mtu akaulizie spika.

Nilitaka kumpiga mume wangu, nasema kweli. Badala yake nilichukua kisu cha vitunguu, nikaenda nyuma kwenye majaruba, kwenye mhama mchanga ambao majani yake yanafikika. Kikonyo chake kina miiba kama msumeno, kikanichana viganja vyote viwili. Nikarudi na jani moja jikoni, nikalipitisha kwenye mvuke wa sufuria ya pilau likalainika, nikalikunja, nikalichonga, nikalifunga kwenye kimrija cha ule ulimi uliopasuka, kwa uzi niliouchomoa kwenye pindo la kanga. Sikulifanya jembamba. Upepo ule ulitaka kitu kinene.

"La wapi hilo?" akaniuliza.

"La huko nyuma."

"La bara?"

"Baba watoto, spika zinakuja. Litie mdomoni au litupe, lakini mimi kwetu siji peke yangu."

Akalitia mdomoni kwa uso wa mtu anayemeza klorokwini. Akapuliza. Sauti ikatoka nene, ina mkwaruzo kidogo, ikapanda juu ya vigelegele vyote na kukaa huko. Hakuwahi kupiga vile, wala huko kwao Tanga sidhani. Mdogo wangu akatoka uani na watu wote nyuma yake, na mimi nikalia mbele za watu bila aibu.

Jioni hiyo mume wangu aliketi mkekani, ndani, sinia moja na baba yangu. Nilikuwa nawanawisha mikono baba alipomuuliza mbona mwanzoni zumari lilikataa.

"Nilikuwa napasha tu, mzee," akajibu, hana hata haya. "Ulimi wa mwisho ndio wenyewe. Jani lile limetoka Tanga."

Birika nusura liniponyoke. Baba aliitazama mikono yangu iliyolishika, ile michano, damu bado haijakauka vizuri. Akaendelea kunawa.

"Tanga ni mbali," alisema, akamsogezea nyama.

Wiki iliyofuata mdogo wangu wa kiume alikuja kwangu na baiskeli, nyuma amefunga mzigo wa majani ya mhama, mabichi, yamekazwa kwa kamba ya katani.

"Baba kasema mpe mkwe wake," akaniambia. "Mwambie yametoka Tanga."

Nilimfikishia mume wangu, na ujumbe sikupunguza hata neno. Akachomoa jani la juu, akalinusa. Kisha akauliza wembe wake uko wapi.