Nilivyofundisha Wateja Kuikatalia Mashine

Siku ya kwanza niliyopangiwa dirisha la fedha za kigeni, mkuu wa makeshia hakunipa hata noti moja kushika. Alinisimamisha mbele ya ubao wa bei kwenye ukumbi wa benki yetu mjini Mtwara, akaniuliza naona nini. Nikamjibu naona bei ya dola, ya pauni, ya euro. Akacheka.

"Somoe, tazama vizuri. Kila fedha ina bei mbili. Hii tunanunulia, hii tunauzia. Hapo katikati ndipo unapotoka mshahara wako, na wangu, na wa meneja."

Mimi ni mtoto wa Mikindani, nimekulia kwenye duka la vitambaa, na bei mbili hazikunishangaza. Kilichonishangaza ni wateja. Msafiri alisoma bei moja tu, akaguna, akalipa. Hakujua kwamba dola zitakazombakia akija kuzirudisha tutazinunua kwa bei ya chini, kwa hiyo ataliwa akienda na ataliwa akirudi. Hakuna aliyemwambia. Basi nikaanza kuwaambia mimi, na tangu siku hiyo hadi nilipostaafu sikufunga mdomo.

Ninyi mnaomaliza kila kitu kwenye simu mtadhani nazungumzia mambo ya kale. Sivyo, wengi wenu mmenikuta pale dirishani. Walikuja wageni wa gesi wa Mnazi Bay, mahujaji, wazazi wenye watoto vyuoni ng'ambo, na wafanyabiashara wanaovuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Hao wa mwisho niliwagombeza sana. Walibadilisha fedha kwenye kivuko, kwa mtu mwenye mfuko begani, huku chombo kinataka kuondoka. Yule mtu anajua huna muda wa kubishana, na bei yake anaipanga kwa haraka yako.

Tena watu wetu wana mazoea ya kufunga pesa kwenye pindo la khanga. Kwa shilingi hakuna ubaya. Kwa dola ni hasara tupu, kwa sababu noti iliyokunjwa ikapata mistari, ikaloa jasho, ukifika nayo ugenini wanaigeuza mara mbili halafu wanakurudishia. Nilishapokea wengi waliorudi na noti zao vilevile walivyoondoka nazo, na huko walilala njaa.

Sasa nifike kwa Mama Neema. Huyu alikuwa mkulima wa korosho wa Nanyamba, mke wa mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Lukas. Mwalimu Lukas alishikwa na maradhi ya ini, akapewa rufaa ya kwenda India, na mkewe ndiye wa kumuuguza huko. Ukoo ulichanga. Fedha zilihesabiwa mbele ya wazee, na wazee wakatoa agizo: zinunuliwe dola, kila mtu azione kwa macho, kisha mama azifunge kiunoni. Hapakuwa na mchango wa pili. Fedha zikiisha kabla ya matibabu, watakuwa wamekwama nchi ya watu.

Meneja wetu alikuwa na msimamo mmoja, nao aliurudia kila kikao cha asubuhi: "Mteja akitaka dola, muuzie dola. Ushauri hauna risiti." Dirisha langu lilikuwa na lengo la mwezi, na mauzo ya dola za Mama Neema yangelifikisha.

Sikumuuzia. Nilimuuzia kidogo tu, za kutumia siku za mwanzo, noti mpya, nikamtilia kwenye bahasha ngumu na kumkataza pindo. Zilizobaki nikamwambia aziache kwenye akaunti, achukue kadi, na kadi ya pili aiweke kwenye begi jingine; wazee akawaonyeshe karatasi ya salio, waone kwa macho. Nikamjazia maombi ya kufungua matumizi ya nje, maana kadi isiyotolewa taarifa ya safari huweza kufungwa ghafla ukiwa huko. Nikamweleza kwamba kila anapotoa kwenye ATM kuna makato, hivyo asitoe vijisenti kila siku, atoe za kutosha wiki nzima kwa mkupuo. Yote hayo aliyashika. Kilichomshinda ni swali la mashine.

"Ukitoa pesa kule," nikamwambia, "mashine itakuuliza: ukatwe kwa shilingi za Tanzania au kwa rupia? Kataa shilingi."

Akanikazia macho. "Dada yangu, nikatae shilingi, nayo ndiyo yetu? Hiyo rupia mie siijui hata sura."

"Ndiyo maana wanakuuliza. Ukikubali shilingi, mwenye mashine anakupangia bei apendavyo. Ukichagua rupia, hesabu inafanywa huku kwetu, na bei yetu, hata kama si nzuri, ni nafuu kuliko yake."

"Nnaogopa nitasahau."

Basi nikamfanyisha mazoezi palepale. Mimi mashine, yeye mteja. Foleni nyuma yake ilikuwa imefika mlangoni.

"Mama, unataka ukatwe kwa shilingi?"

"Sitaki!"

"Lakini shilingi ni rahisi, unaielewa."

"Nimesema sitaki! Nipe rupia!"

Foleni ikaangua kicheko. Mzee mmoja wa Magomeni akapiga makofi, akasema na yeye afundishwe, mwanawe yuko Uturuki. Nikawafundisha wote waliokuwepo. Meneja alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake, ameona na amesikia.

Aliniita jioni. "Bi Somoe, unawafundisha wateja kulikimbia dirisha letu, tena mbele ya foleni?"

"Nawafundisha wasiibiwe, Meneja."

"Nani kaiba hapa? Bei iko ubaoni, kila mtu anaiona."

"Wanaiona. Hawaielewi. Mimi naielewa, na siwezi kukaa kimya na mume wa mtu anaumwa."

"Basi utafute mahali pa kusemea."

Barua ya uhamisho ikaja kabla mwezi haujaisha: Nanyamba, kwenye ofisi ndogo ya kulipa wakulima msimu wa korosho. Hapakuwa na dirisha la fedha za kigeni wala ubao wa bei. Wenzangu walinihurumia. Mimi nilikuwa na hasira, na nililia, lakini nililia nyumbani kwangu. Kazini niliingia nimevaa vizuri.

Huko Nanyamba ndiko ujumbe wa Mama Neema ulikonikuta. "Dada, imeuliza. Nimekataa." Nikausoma nikacheka peke yangu mbele ya wakulima. Akawa ananiandikia kila anapotoa fedha. Hata hospitali, karani alipotaka kumkata kwa shilingi, alikataa mpaka wakamwitia mkubwa wao, na alikataa mbele ya huyo mkubwa pia. Fedha za ukoo zilimaliza vipimo, zikamaliza kitanda, zikamaliza dawa, na bado zilikuwepo.

Mwalimu Lukas hakupona. Alifia huko.

Wagonjwa wengi wa kwetu wakifia mbali huzikwa hukohuko, kwa sababu kusafirisha mwili ni gharama ambayo wanaobaki hawana. Mama Neema alikuwa nayo. Alilipa kwa kadi, akakataa shilingi kwa mara ya mwisho huku analia, akampandisha mumewe kwenye ndege. Tulimpokea Nanyamba, wanafunzi wake wakiwa wamepanga mistari barabarani, na tukamzika shambani kwake, karibu na kaburi la mama yake.

Meneja alikuja mazikoni na rambirambi za benki, jambo la kiungwana, simnyimi. Tulipokuwa tunaondoka akanisogelea. "Umeona, Bi Somoe? Dirisha ulilipoteza, na mgonjwa mwenyewe hakupona."

"Hakupona," nikamwambia, "lakini amerudi."

Dirishani hakunirudisha. Nilistaafia hukohuko Nanyamba, nikaagwa kwa soda na keki, na hotuba iliyosema nilikuwa mfanyakazi mwenye msimamo. Kila aliyekuwepo alielewa maana yake.

Sasa naishi Magomeni ya hapahapa Mtwara, na wanaosafiri hunijia barazani kabla hawajaenda benki. Juzi alikuja kijana wa tawini, mwenye adabu zake, akaniomba nipunguze. "Bibi, wateja wanafika wameshakariri, wanatukatalia kila kitu." Nikamkaribisha chai, nikamwambia sipunguzi. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama sijutii kupoteza kazi nzuri kwa ajili ya mgonjwa aliyekufa.

Nikamwambia apande gari mpaka Nanyamba, aulize kwa Mwalimu Lukas. Hata mtoto mdogo atampeleka mpaka kaburini.