Madumu Ishirini na Mawili

Trekta la baba lilikuwa limekaa Gatumba muda mrefu hata kuku wa jirani wakazoea kutaga chini ya kiti chake. Mafuriko yalilikuta hapo mara mbili. Mara ya pili maji yaliingia kwenye injini, nayo haikuwaka tena. Nilikuwa nimeliendesha tangu nilipoacha shule, baba na mama walipotutoka, na ndilo lililonisaidia kulea wadogo zangu.

Mwaka huu mto ulianza kupanda mapema. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa ni mwanamke mtu mzima, ana shamba la mpunga upande wa juu ambako mafuriko hayafiki. Tukakubaliana kulipeleka trekta kwake kabla ya mvua kubwa, maana safari hii matope yangelizika.

Huko mjini, mtaa wa Asiatique, tulipata lori refu la kubebea magreda, lakini ili ufike kwetu lazima uvuke daraja la mbao juu ya mfereji, na lori lile lisingepita. Ikabaki remorki ya fundi mmoja mzee wa Jabe, tela fupi ya ekseli mbili aliyoivuta kwa pikapu yake.

Alilizunguka trekta mara moja, kisha akafuta kwa kidole gumba kibati kilichopigiliwa ubavuni.

"Kilo elfu mbili na mia tatu," akasoma. "Remorki yangu inabeba elfu mbili na mia tano. Alhamdulillah, dada. Tufungue hivi vyuma vya uzito vya mbele, tupakie."

Nilikuwa karibu kukubali. Nikaegemea tairi la nyuma, na mkono wangu ukashtuka. Juu lilikuwa na moto wa jua, chini lilikuwa baridi kama mtungi.

"Kibati hakisemi yote," nikamwambia. "Kuna maji ndani ya hizi tairi."

Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. "Maji? Baba yenu alikuwa anafuga ndagala mule?"

"Yaya, usitucheleweshe," akasema mdogo wangu. Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, na mimi nimeitwa hivyo zaidi ya ninavyoitwa jina langu. "Mvua inakuja, we unaota."

Sikuwa naota. Baba alilima kwenye matope, na trekta jepesi matopeni huteleza tu. Siku moja aliinua gurudumu kwa jeki, akageuza pua ya tairi, pale pa kujazia upepo, ikaelekea juu, akaunganisha mpira kutoka kwenye pipa aliloliweka juu ya ukuta. Mimi na mama tukabeba maji kwa madumu kutoka mferejini. Kila tulipomimina dumu, baba alihesabu kwa sauti, kwa Kirundi: rimwe, kabiri, gatatu. Akachora alama ya mkaa kwenye bawa la trekta, lile bati la juu ya tairi. Alipomaliza akafuta alama zote kwa kitambaa, akanigeukia.

"Kumi na moja kila upande. Mi nitasahau. We ndiyo karani wangu."

Nilikuwa bado na sare ya shule siku hiyo.

"Madumu ishirini na mawili," nikamwambia fundi. "Kila moja lita ishirini. Piga hesabu mwenyewe."

Akapiga kwa vidole, midomo ikicheza. Kicheko kikaisha. "Mia ine na makumi ine, juu ya ile ya kibati," akasema. "Ekseli ingekatika pale darajani, na trekta ndani ya mufereji. Lakini mi lazima nione."

Akachuchumaa, akafungua pua ya tairi iliyokuwa chini. Maji yakamruka usoni, meusi, yananuka mpira.

"Astaghfirullah!" akapiga kelele, huku akijifuta kwa kofia.

Mdogo wangu hakucheka. Aliweka kiganja chini ya yale maji.

"Siku hiyo mi nilikuwa wapi?"

"Mgongoni mwa mama. Ulilia mpaka dumu la sita."

Hana hata picha moja ya mama. Akachukua dumu tupu kutoka kwenye pikapu, akalisogeza chini ya tairi. Sikumkataza. Lilipojaa alilifunga vizuri, na mengine tukayaacha yarudi mferejini. Gurudumu la pili tuliliinua, tukaligeuza, tukalifungua. Ilituchukua asubuhi nzima. Halafu tukalivuta trekta juu ya remorki kwa winchi ya mkono, na fundi akalisogeza mpaka uzito ukakaa mbele kidogo ya ekseli. Tulipovuka, mbao za daraja zililia, zikanyamaza.

Kwenye shamba la mdogo wangu fundi aliahidi kurudi kufungua injini. Kabla hajaondoka tulimwomba jeki yake, tukainua gurudumu la nyuma na kugeuza pua juu. Mdogo wangu akapanda juu ya kreti na mpira mkononi, akainua lile dumu la maji meusi kwanza.

"Yaya," akasema, "hesabu."

"Rimwe," nikasema.