Kambo juu ya Baiskeli ya Mkwewe

Kila Jumapili baada ya misa, Kambo, yaani bibi yetu mzaa mama, aliingia nyumbani kwetu Likasi kwa mlango wa jikoni, hata kama ule wa mbele ulikuwa wazi. Mbele kulikuwa na baba yangu. Kwa watu wa Kasai, alikotoka Kambo akiwa mke mchanga wa mchimbaji, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kula pamoja. Basi yeye alikula jikoni, akiuelekea ukuta. Baba, karani wa kampani, alikula sebuleni akiielekea redio, ambayo ilikuwa inamsifu rais. Kati yao palikuwa na pazia tu, lakini kila neno lilipitia kwa mama.

"Umuambie bwana yako, sombe iko tayari," Kambo alisema.

"Umuambie mama, aksanti," baba alijibu kabla mama hajafungua mdomo.

Utaratibu huo uliishi kwa msaada wa basi, lililomleta Kambo asubuhi na kumrudisha jioni. Kisha mafuta yakaadimika. Jumapili moja tulirudi kutoka kituoni naye, basi halikuja, na miguu yake ilikuwa imevimba. Baba alikohoa nyuma ya pazia. Alikuwa na baiskeli, kinga kama tunavyoiita.

Kambo aliitazama miguu yake. "Umuambie bwana yako, ile kinga yake iko na breki?"

"Iko nazo, mama," baba alisema, kisha akakumbuka adabu na kumwachia mama arudie.

Kambo alikubali, ila mimi niende nao, asiwe peke yake na mkwewe. Nikakaa mbele kwenye chuma, yeye nyuma kwenye kibebeo cha mizigo, akiwa ameshika springi za kiti ili asimguse baba kiunoni. Baba alinyoosha shingo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Karibu na soko kijana mmoja akapaza sauti, "Papa, umeoa mwingine?" Kambo akajifunika kitenge mpaka puani.

Hapo hapo tairi la nyuma likapasuka, na mvua ikaanza.

Tulikimbilia kibanda cha fundi wa baiskeli. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza anapakua bukari, ule ugali wetu, pamoja na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa na dagaa. Akaweka sahani moja kubwa katikati. "Karibuni, mukule."

Baba akatazama mvua. Kambo akatazama tairi. Kukataa chakula cha watu ni matusi, na kula pamoja ni aibu. Hatimaye Kambo akanivuta mkono.

"Weye, kaa hapa katikati. Ujinenepeshe."

Nilivuta pumzi, nikapanua viwiko kadiri nilivyoweza. Lakini nilikuwa mwembamba kama ufito, na sahani ilikuwa moja. Mkono wa baba ulipita mbele ya tumbo langu, wa Kambo ukatokea upande wa pili, ikakutana ndani ya sombe. Wote wawili waliganda. Fundi aliacha kutafuna, akidhani wamechomwa na mwiba wa samaki.

Kambo akasema, macho yake kwenye mvua, "Sombe hii iko na chumvi mingi."

Hakusema "umuambie". Baba alijibu, macho yake kwenye tairi.

"Ya kwako inapita hii, mama. Tangu zamani."

Mke wa fundi alinuna. Kambo hakumwona, alikuwa anacheka ndani ya kitenge, mabega yakitikisika, na baba akawa anakula kama mtu aliyetoka kufunga.

Baba na mimi tulipomfikisha Kambo kwake, tukarudi nyumbani na kusimulia, mama alijishika kichwa. "Mulikula pamoja? Sahani moja?" Lakini Jumapili iliyofuata tulipomwuliza padri kama ni dhambi, alitaka kujua tu kama dagaa walikuwa wabichi au wakavu.

Basi lilirudi baada ya wiki chache. Kambo alidai linamtikisa mifupa, akaendelea na baiskeli. Pazia likaondolewa, naye akaanza kuketi sebuleni, kiti chake kimegeuzwa upande kidogo, kwa heshima. Aliyepata hasara ni mama. Wale wawili, sasa wakizungumza moja kwa moja, waligundua kwamba wana mawazo yaleyale kuhusu bukari yake, kwamba ni laini mno, na walimweleza hivyo kila Jumapili, kwa zamu.

"Mungerudisha lile pazia," mama alisema.