Sweta Tano za Damu ya Mzee

Simu iliita nikiwa juu ya paa la nyumba yangu, pale mtaa wa Ramadhani, Njombe, nikibadilisha bati lililong'olewa na upepo. Nyumba hiyo nimeijenga mwenyewe. Sisemi kama wale wanaosema wamejenga kumbe walisimama pembeni na mwavuli. Msingi niliupima mimi, kamba niliivuta mimi, na mpaka leo mafundi wa Njombe mjini huja kutazama kona zake. Miaka mitatu kabla ya simu hiyo nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na stashahada yangu ya ujenzi ikiwa kwenye fremu, na hakuna mtu aliyenibeba mgongoni. Wengi hapa huniita injinia. Kwa karatasi mimi ni fundi sanifu, lakini sijawahi kumsahihisha mtu.

Aliyepiga alikuwa binti wa dada yangu, kutoka Makambako.

"Mjomba, mama ameanguka jikoni. Daktari anasema ni kiharusi."

Nikamwambia nimesikia, nakuja. Kisha nikapigilia misumari minne iliyobaki, ndipo nikashuka ngazi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliimalizia ile misumari. Nilinawa mikono, nikafunga mlango, nikaenda kupanda gari, na njia nzima nilihesabu nguzo za umeme. Nilisubiri moyo uniume. Haukuuma. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: unajua ni wako kwa sababu umeshikamana nawe tu.

Dada huyo ndiye aliyenilea. Mama yetu alikuwa shambani Kichiwa tangu alfajiri hadi jioni, na dada, aliyenizidi miaka tisa, alibaki nami. Alinifundisha kufuma kwa spoki mbili za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe. Wavulana wenzangu walicheka, lakini mwezi wa saba ulipofika na barafu ikalala juu ya majani ya viazi, mimi nilikuwa na soksi na wao hawakuwa nazo. Sikuwahi kuona haya kwa jambo ninalolijua.

Waliporuhusu arudi nyumbani kutoka hospitali, mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Akili ilikuwa yake yote. Maneno ndiyo yalikuwa yanatoka moja moja, na kati ya neno na neno ungeweza kuchochea moto. Pembeni ya kitanda kulikuwa na mfuko wenye sweta saba zilizokwisha, na kapu la uzi wa sweta ambazo hazijaanzwa. Zote zilikuwa za rangi ile nyekundu iliyokolea tunayoiita damu ya mzee. Kwaya ya usharika wake ina watu kumi na wawili, na yeye alikuwa ameahidi kuwafumia wote sare kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Zilibaki tano, na wiki saba.

Wanakwaya walikuja kumwona. Mwalimu wao, mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri na haraka nyingi, alikaa ukingoni mwa kitanda, akamsalimu.

"Kamwene, mama. Tumekuja na maziwa. Na usijisumbue tena na sweta, sawa? Tutaagiza za mashine mjini, zote kumi na mbili, zifanane."

Dada alitazama mfuko. "Na... hizi?"

"Hizi watu watavaa nyumbani. Shambani. Hazitapotea."

Dada aligeuza uso ukutani. Nilimfahamu vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle ndani, na nilijua anahesabu: sweta saba, za mwisho alizofuma kwa mikono miwili, zinakwenda kupalilia mahindi.

"Tano zilizobaki nitazifuma mimi," nikasema.

Wakacheka. Mzee mmoja wa sauti ya besi, mrefu, mwenye koti juu ya koti, alinitazama mikono.

"Wewe injinia? Utatufumia kwa nondo?"

"Kwa sindano," nikamwambia. "Na zitapendeza kuliko hilo koti lako."

"Haya bwana. Ila yangu weka na dirisha, niwe napata hewa."

Mwalimu wa kwaya akakubali, kwa sharti moja: wiki ya sikukuu ikifika na tano hazipo, au hazifai, basi kumi na mbili za mashine zitaletwa, na za dada zitabaki mfukoni. Aliyasema hayo mbele ya dada.

Siku hiyo hiyo niliwapima wale watano kwenye chumba cha mazoezi cha kanisa. Hapa naomba nieleweke: mimi nimepima majengo ya ghorofa. Nimesimamia nguzo ambazo zingekosea nusu inchi, watu wasingelala humo. Niliwaambia wavue makoti, wavue sweta za ndani, wabaki na shati au blauzi moja, kwa sababu kipimo juu ya manguo mengi si kipimo, ni kubahatisha. Walitetemeka wakanung'unika, lakini walivua. Nilipima kifua, mabega, urefu, kwapa, kiganja, nikaandika vyote kwenye simu, mpaka robo ya inchi.

Nikarudi kumuaga dada.

"Ume... wapima?"

"Nimewapima kuliko walivyowahi kupimwa maishani mwao."

"Na... nguo..."

"Nguo zitatosha, dada. Usihangaike. Pumzika."

Akafungua mdomo tena, nami nikamfunika blanketi mpaka kidevuni. Nilimwona bado anataka kusema. Nilikuwa na gari la kuwahi.

Wiki saba nilifuma nyumbani Ramadhani, kando ya moto. Sikwenda kazini, sikwenda kwa mtu. Uzi uliingia, kitanzi kikatoka, mstari ukageuka. Chakula nilikula kwa sababu saa ilifika. Binti wa dada alipiga simu kila jioni kuniambia mama yake amekaa, mama yake amekunywa uji, mama yake amelia, nami nilimjibu vizuri, sauti kavu, kisha nikarudi kuhesabu. Kwenye kuhesabu mtu hahitaji kujisikia. Vitanzi tisini na sita ni tisini na sita hata kama dada yako hawezi kushika kijiko.

Majirani waliopita walisimama uani.

"Kaka, mjukuu anakuja?"

"Ni sare za kwaya."

"Ya wapi hiyo isiyo na wanawake?"

Niliwajibu kwamba inao tele, ila hakuna hata mmoja anayefuma kama mimi, na huo ulikuwa ukweli. Mistari yangu ilinyooka kama matofali. Ningeweza kuipeleka sweta ya kwanza Makambako ilipokwisha, mtu akaijaribu. Sikutaka. Nilitaka kuingia na tano kwa pamoja, niziweke mezani moja juu ya nyingine, na mwalimu wa kwaya akose la kusema. Ya tano niliifunga vitanzi wiki ya sikukuu yenyewe, Jumatano mchana. Alhamisi nilikuwa Makambako.

Nilipita moja kwa moja kwenye chumba cha mazoezi. Wote kumi na wawili walikuwapo, saba wameshavaa za dada. Mezani niliweka zangu. Walizishika, wakazigeuza, wakatafuta mahali pa kushona wasione. Mwalimu wa kwaya akasema, "Hee! Mikono ya mwanamume hii kweli?" Nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyezoea.

Mzee wa besi akavua koti la juu, akabaki na sweta yake nene ya siku zote, na juu yake akaanza kuvaa ya kwangu. Kichwa kilipita. Mkono mmoja ukaingia mpaka kiwiko, ukagoma. Akavuta. Tukamvuta watu wawili.

"Vua hiyo ya ndani, mzee," nikamwambia.

"Nivue?" Alinitazama kupitia shingo ya sweta. "Mnada wa mavuno uko nje. Mwezi wa saba. Nikivua hii nitawaimbia kikohozi."

Wakajaribu wengine wanne. Ilikuwa vile vile. Aliyevaa juu ya blauzi tupu ilimkaa kama ngozi, ya kutazamwa. Lakini hakuna mtu Makambako anayesimama nje mwezi wa saba na blauzi na sweta moja, upepo wa njia panda ukimpiga tangu ibada iishe hadi jogoo wa mwisho anunuliwe. Nilizitazama zile saba za dada. Chini yake kila mtu alikuwa amevaa sweta nyingine, mwingine hata koti jepesi, na zilikuwa zimekaa bila kubana popote. Dada hupima watu walivyo, na makoti yao, kisha huongeza vidole vinne. Nilizaliwa kwenye baridi hii. Miaka thelathini ya Dar ilinitosha kusahau kwamba huku sweta ni nguo ya juu ya nguo.

Mwalimu wa kwaya alinivuta kando, akashusha sauti, ila si sana.

"Maskini. Ulipima wewe, ila dada ndiye aliyekuambia ufume kwa vipimo vipi, siyo? Alikupa vya kichwani. Ugonjwa huu unakula kumbukumbu, hata shangazi yangu ilikuwa hivyo. Usijilaumu."

Watu wote walikuwa wamesikia. Wengine walitikisa kichwa kwa huruma. Mlango ulikuwa umefunguliwa na mimi nilichotakiwa ni kupita tu. Kuguna, kunyamaza, kutazama chini. Jina langu lingebaki juu, na dada asingejua. Ila zile saba zingerudi mfukoni, na safari hii zingerudi zikiwa kazi ya mtu aliyepotewa na akili.

Sikuona aibu wala hofu, kwa hiyo siwezi kusema nilizishinda.

"Dada hakunipa kipimo hata kimoja," nikasema, kwa sauti ya kufika nyuma. "Nilipima mimi. Niliwavua nguo hapa hapa, mnakumbuka. Dada alitaka kunionya nikamkatiza. Saba zake zinawatosha, jitazameni. Tano zangu hazifai, na kosa ni langu."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

"Basi ni za mashine," mwalimu wa kwaya akasema. "Tulikubaliana. Kwaya haivai nusunusu."

"Mwalimu," mzee wa besi akasema, bado anahangaika kutoa kiwiko, "sisi watano tuvae makoti yetu meusi tusimame nyuma. Kwani nani hutazama besi?"

"Na mimi siyo besi," mama mmoja katika wale watano akasema.

"Jumapili hii utakuwa."

Hapo ndipo walipocheka. Mwalimu wa kwaya alijaribu kukaza uso akashindwa. Akazungusha macho kwa wale saba, mmoja mmoja, akavuta pindo la sweta ya yule wa karibu, akalisawazisha.

"Jumapili hii tu," akasema. "Mavuno ni mavuno."

Jumapili dada alipelekwa kanisani kwa gari la jirani, akaketishwa nje kwenye kiti cha plastiki, mablanketi mawili. Mnadani waliuza maboga, mahindi, debe la viazi lililogombewa na wazee wawili kwa ubishi tu. Katikati ya mauzo kwaya iliimba. Saba mbele, rangi moja, makoti meusi nyuma. Nilimtazama dada badala ya kwaya. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Alipofika saba akanivuta mkono wa koti.

"Yule... wa tatu..."

Nikasubiri.

"...amenenepa."

Nilidhani pale ndipo ningelia. Machozi hayakuja. Nilisema ndiyo, amenenepa, na tukaendelea kutazama.

Jumatatu niliketi naye tukafumua zile tano. Kufuma kulichukua wiki saba; kufumua, siku mbili. Uzi uliofumuliwa hutoka na mawimbi, kwa hiyo niliufunga mafungu, nikaufua, nikauning'iniza kwenye kamba na mawe mazito chini yake mpaka uliponyooka. Binti yake alipita na ndoo akasema, "Mjomba, kazi yote ile!" Nikamwambia kazi haijaenda popote, uzi ni ule ule. Sikujua kama naamini.

Mzee wa besi alikuja kupimwa tena, safari hii na kila kitu chake mwilini, hata skafu. Dada ndiye aliyeelekeza, kwa kidole cha kushoto: hapa, hapo, ongeza. Mzee akauliza itakuwa tayari lini.

"Krismasi," dada akasema, neno moja, safi, halikukatika.

"Krismasi ipi, mama? Mimi ni mtu mzima."

Nilianzisha vitanzi mia moja na ishirini na nane nikiwa nimekaa kwenye kigoda karibu na kitanda chake. Nilifuma mistari minane, mizuri, imenyooka. Nikampa aone. Hakuitazama. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaivuta kidogo, akaiminya, akanirudishia.

"Inabana," akasema. "Fumua."

Nina stashahada, nina nyumba isiyo na deni la mtu, na katika Njombe nzima sijaona mwanamume anayenizidi kwa sindano. Nikafumua. Nikahesabu upya mpaka mia moja na ishirini na nane, nikalegeza mkono, nikaanza. Mstari wa nane akaniomba tena kuishika. Akaivuta, akaiacha mapajani mwake kwa muda, halafu akaniambia niendelee.