Mgongo wa Mariam Poni

Mariam Poni wa Abuku, huko Koboko, hakuzaliwa na hasira. Waliokua naye walisema hata mbuzi wa jirani walilijua shamba lake kuwa ndilo la kulishia, kwa kuwa mwenyewe alikuwa akiwafukuza kwa kuwabembeleza. Hasira aliipata ukubwani, na aliipata kwa haki.

Aliolewa na Lokule, fundi cherehani aliyekuwa na kibaraza chake karibu na soko la Arua. Lokule hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Lakini baba yake alikuwa askari, na serikali ya kijeshi, ambayo mkuu wake alikuwa mtu wa Koboko, ilipoanguka mwaka 1979, gwanda la baba lilimtosha na mwana. Siku hizo ukiulizwa barabarani umetoka wapi, ukataja Koboko, kesi imekwisha sikilizwa na hukumu imekwisha pita. Majeshi ya serikali mpya yalipoingia mkoa huo wa West Nile kulipiza kisasi, watu walivuka mpaka kwa maelfu, wengine Sudani, wengine Zaire. Poni alivuka na Lokule, mtoto wao Keji mgongoni. Kijiji chao walikiacha kinafuka moshi.

Walipita Aru, wakapita Bunia, wakazidi kusukumwa kusini na njaa na maneno ya watu, hadi wakafika Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori kwa upande wa Zaire. Hapo palikuwa na mashamba ya kahawa yaliyohitaji mikono. Palikuwa pia na wazungu. Kwa sababu ya vita Uganda, waliotaka kupanda mlima ule mrefu wenye theluji walikuja upande huu, na kila mzungu mmoja alihitaji watu wa kumbebea chakula, mahema, kamba na makopo. Lokule akaacha kahawa, akawa mpagazi.

"Mlima gani huo mtu anapanda bila kwenda kuchuma kitu?" Poni alimwuliza.

"Wanapanda wapate kushuka," Lokule akamjibu, wakacheka wote wawili.

Kicheko kile hakikudumu. Msimu mmoja wa mvua Lokule alipanda na mzungu mmoja mwenye vyombo vingi vya kupigia picha. Msafara ukarudi, Lokule hakurudi nao. Poni alikuwa akipepeta mchele aliposikia wapagazi wanapita, akatoka mbio, akatazama nyuso zote. Wale waliokuwa wakimwita shemeji kila siku walitazama chini. Akaenda moja kwa moja kwa kapita, yaani msimamizi wa wapagazi, aliyekuwa akianika kamba uani.

"Bwana Kapita, baba Keji yuko wapi?"

Kapita hakuinua kichwa. "Bwana yako alikimbia, mama. Alikimbia na mablanketi mbili ya safari."

"Alikimbia wapi? Huko juu kuna njia ya kutokea wapi?"

"Mimi nijue? Ninyi watu ya Uganda iko na miguu ya kukimbia. Vita mulileta wenyewe, sasa munaleta wizi."

Poni alisimama pale na ungo mkononi, mchele ukimwagika. Kufiwa, angelia. Kutafuta angetafuta. Lakini kuambiwa mume wake ni mwizi, yeye ambaye Arua alikuwa akirudisha hata vitambaa vilivyobaki kwa mwenye nguo, hilo lilimpanda kichwani kama mvuke. "Mtu hakurudi," alisema, "na wewe unahesabu mablanketi!" Kapita akaendelea kuanika kamba zake.

Alikuwa amerudi nyumbani, hajui la kufanya, mpagazi mmoja mzee aitwaye Kasereka alipomjia kwa njia ya migombani. Alikuwa Mnande wa palepale, mtu wa maneno machache. Hakutaka kuketi.

"Mama Keji, bwana yako hakuiba kitu. Alishikwa na kifua kule Kiondo, kwenye nyumba ya mwisho kabla ya theluji. Walimwacha, wakaenda juu kupiga picha. Waliporudi, alikuwa hawezi kusimama. Kumbeba ilikuwa lazima mizigo ya mzungu ibaki. Kapita akasema mizigo haiwezi kubaki."

"Na mtu?"

"Mutu alibaki. Mablanketi ni mimi nilimfunika nayo. Alikuwa anapumua, mama. Ninakuambia, alikuwa anapumua."

Poni hakupiga kelele. Alimpeleka Keji kwa jirani yake Viktoria, mkimbizi mwenzake kutoka Pajulu, aliyemshika mkono na kumsihi: "Dada, huko hata wanaume wanarudi wakilia." Poni akamjibu kwamba wanaume wamekwisha kwenda na matunda yao ameyaona. Alijifunga kitenge kiunoni, akakunja kingine na kukitia kwenye kikapu pamoja na unga, chumvi na kiberiti. Alipotoka alimkuta Kasereka amesimama njiani na panga lake.

"Kapita atakufukuza kazi," Poni alimwambia.

"Anifukuze," akasema Kasereka, akatangulia.

Wamezoea watu kudhani mlima ni mteremko mrefu tu. Ruwenzori kwa upande ule ni ukuta. Mwanzoni walipita katika migomba na mashamba, kisha msituni, na bado ilikuwa ni mwendo wa watu. Walipoipita nyumba ya Kalonge, njia iliacha kuwa njia. Ikawa mizizi iliyopandana kama ngazi iliyojengwa na mlevi, na katikati ya mizizi tope jeusi linalomeza mguu mpaka goti. Poni alipanda kwa mikono na magoti. Alishika mwanzi, mwanzi ukang'oka. Alishika jiwe, jiwe likawa limevaa kuvu ya kijani inayoteleza kama mlenda. Mvua ilinyesha, ikapumzika, ikanyesha tena. Viatu vyake vya plastiki vilikatika, akaendelea pekupeku.

Kilichomsukuma haukuwa ujasiri, na mwenyewe hakupenda kusifiwa ujasiri hata siku moja. Ilikuwa ghadhabu. Kila alipoteleza alimwona kapita akianika kamba. Kila pumzi ilipomkatika alijiuliza: mtu mzima na akili zake anasimama mbele ya mgonjwa, upande huu sanduku la kamera, upande huu baba wa mtoto, anachagua sanduku? Na wale wengine kumi waliotazama wakainua mizigo yao? Alisema maneno hayo kwa sauti, kwa Kikakwa, akiupigia mlima kelele, na Kasereka aliyekuwa mbele hakugeuka. Alijua hata yeye amo katika maneno hayo.

Juu ya nyumba ya Mahangu miti ilibadilika. Ilikuwa imepinda na kuvaa ndevu za kijivu zinazodondosha maji, na chini yake kuvu ile ya kijani ilikuwa nene kama godoro. Ukikanyaga vibaya unazama katikati ya matawi na hujui ardhi iko wapi. Baridi ilikuwa si ya kusimuliwa kwa mtu wa Koboko. Kichwa kilimgonga, matapishi yakamjia, masikio yakavuma. Akaketi.

"Turudi?" Kasereka aliuliza. Aliuliza kwa upole, na ndiyo sababu Poni alimkumbuka kwa wema maisha yake yote, lakini wakati ule swali lilimchoma.

"Ninyi mlirudi. Mkaona kurudi kunavyopendeza?"

Mzee akampa mkono, wakapanda.

Nyumba ya Kiondo ilikuwa kibanda cha mbao juu ya ukingo wa mlima, upepo ukikipiga pande zote. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Hilo Poni hakulisamehe kabisa: walimwacha mtu hai, wakafunga kipingo, labda wasiingie wanyama, labda asitoke kuwafuata. Alikivuta kipingo kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mgonjwa. Lokule alikuwa kwenye pembe, amejikunja ndani ya mablanketi mawili, midomo imepasuka, kifua kinapiga filimbi.

"Baba Keji."

Alifumbua macho, akamtazama kwa muda. "Umekufa lini?" akauliza.

"Mimi sijafa, na wewe hujafa. Amka."

Hakuweza kuamka. Walikoka moto, wakamnywesha uji mwembamba kidogo kidogo, wakamkanda miguu iliyokuwa baridi kama samaki. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimegeuka rangi. Kulipopambazuka vizuri na mvua kukatika, wakaanza kushuka.

Kasereka alimbeba kwanza. Lakini mzee alikuwa amepanda mlima ule mara mbili mfululizo, na kwenye mteremko wa kwanza mkali goti lake likateguka, akaanguka pamoja na mgonjwa. Akaketi topeni, akalia kama mtoto kwa aibu. Basi Poni akakikunjua kile kitenge cha pili. Alimfunga mumewe mgongoni, kama alivyomfunga Keji walipovuka mpaka, na Kasereka akakata mkanda wa gome wa kupitisha kwenye paji la uso, jinsi wanawake wa Kinande wanavyobebea kuni. Lokule hakuwa mtu mnene, na ugonjwa ulikuwa umempunguza. Hata hivyo mwanamume ni mwanamume. Miguu yake ilikuwa inaburura.

Walishuka kinyumenyume. Kasereka alichechemea chini ya Poni, akikamata nyayo zake na kuziweka moja moja kwenye mizizi. "Hapa. Sasa hapa. Usitazame." Mahali pengine Poni aliketi na kuteleza kwa makalio, mume wake akimkohoa shingoni. Ngozi ya paji ilichubuka, na alama ile hakuipoteza tena.

Walipotokea Mutwanga, mzungu na kapita walikuwa mezani wanakula, kwenye baraza ya nyumba ya wageni. Watu waliacha kazi wakafuata nyuma. Poni alipanda ngazi, akageuka, akamwachilia Lokule polepole kwenye kiti kitupu penye meza ile. Kisha akayatupa mablanketi mbele ya kapita.

"Mwizi huyu hapa. Na mali yako hii hapa. Mwulize sasa alikimbilia wapi, mlipomfungia mlango kwa nje!"

Akamgeukia mzungu, akamwambia yote: jina la mume wake, kazi yake ya Arua, mtoto wake, na kwamba mizigo ilishuka salama yote. Mzungu akamtazama kapita amtafsirie. Hotuba ile ndefu kapita aliitafsiri kwa maneno matatu. Mzungu akatikisa kichwa kwa huruma, akasimama, akachukua kamera yake, akaielekeza kwa Poni, na damu na tope lake.

Poni aliipiga ile kamera kwa mkono. Ikaanguka ngazini, kioo kikapasuka. Hakuna aliyemshika. Wapagazi waliokuwa wamesimama uani, wale wale waliotazama chini, ndio waliombeba Lokule hadi zahanati bila kuambiwa na mtu. Hakuwashukuru.

Lokule alipona kifua. Vidole vya mguu vilikatwa. Kasereka alifukuzwa kazi, akarudi kwenye migomba yake, na mpaka wanaondoka Zaire Poni hakuacha kumlimia kila msimu.

Walirejea Koboko mambo yalipotulia, baada ya serikali kubadilika tena mwaka 1986. Walijenga upya Abuku palepale penye majivu ya zamani. Lokule alipata cherehani nyingine. Ndugu walirudi mmoja mmoja kutoka Sudani, kila mmoja na habari zake. Mwaka uliofuata wakakusanyika kumsomea hitima baba yake Lokule, aliyefia ukimbizini. Wanaume waliketi mkekani. Poni na wanawake walikuwa wakipakua ugali wa muhogo na mtama. Ndipo Sule, mdogo wake Lokule, alipouliza habari za ule mguu.

Lokule akasimulia. Akasimulia vizuri, kwa kuwa alikuwa na kipaji: theluji, kibanda, kipingo. Watu wakashika tama. "Basi," akasema, "wenzangu wapagazi wakanirudia. Wanaume wa kweli wale. Wakanibeba mpaka chini."

Poni alikuwa mlangoni na sinia. Akaliweka chini.

"Wenzako nani?"

Sule akasema, "Shemeji, wanaume wanaongea."

"Nimesikia wanaongea. Nauliza wenzake nani. Nilipokuwa nimemfunga mgongoni kwa kitenge hakukuwa na mwanamume wa kuongea. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye goti bovu, naye hata jina lake halikutajwa hapa. Kapita aliniambia mume wangu mwizi, nikapanda mlima kumsafisha jina. Leo jina langu mimi nani atalisafisha? Kwa kapita nilikuwa mke wa mwizi. Nyumbani kwangu sikuwepo kabisa!"

Kijana mmoja akacheka, wazo la mtu mzima kubebwa kama mtoto likimtekenya. Mama yake Lokule, Bi Kulusum, bibi ambaye macho yake hayakuona tena, akainua mkono kumnyamazisha.

"Lokule," akasema, "nani alikuleta kwangu?"

Lokule alitazama mguu wake.

"Ni Poni, mama. Ni Poni na mzee Kasereka."

"Kwa nini ulisema vingine?"

"Niliona haya."

"Haya ya kuwa hai?" akauliza bibi kizee, na hakuna aliyecheka tena.

Poni aliinua sinia, akawapakulia, akatoka. Hakujisikia mshindi. Ukweli ulikuwa wake tangu mwanzo, na ilimuuma kwamba imebidi kuudai kwa sauti mbele ya wakwe kama mtu anayeomba.

Asubuhi yake Lokule alichukua fimbo, akaenda akichechemea kwa Sule, kisha kwa wajomba, nyumba hadi nyumba, kuisimulia tena habari ile ilivyokuwa. Alipita mbele ya jiko, akasimama kidogo, kana kwamba angeitwa. Poni alikuwa na muhogo wa kumenya, na aliendelea kumenya.