Video ya Lukole iliyogoma kufunguka

Jamani, sikilizeni ya leo kwenye duka langu la simu hapa Nyakanazi.

Amekuja mama mmoja wa kijiji cha Mbuba na simu yake.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu. Kaka kanitumia video, haifunguki."

Nikaangalia. Faili lilikuwa dogo mno kwa video ya dakika kumi. Kumbe lilikatika wakati wa kupakua (mtandao wetu mnaujua). Nikalifuta, nikapakua upya.

Likafunguka: soko la kambi ya Lukole, miaka ile ya wakimbizi.

Mama akashika meza.
"Huyo muuza ndizi ni mama yangu! Marehemu!"

Marehemu akageukia kamera, akaangua kicheko.



"Mwanangu," akaninong'oneza, "nilikuwa nimeshaisahau sauti yake."

Nikairudisha video mwanzo, nikampa simu yake. Ninyi mngesemaje?