Unga Mweusi wa Maige

Modesta, binti yangu, amenisumbua tangu Januari niandike habari za baba yake, ati walimu wenzake wazisome. Kwani yeye hana kalamu? Haya, naandika. Na asinisahihishe.

Zamani betri za redio zilikuwa adimu. Tulizianika juani zipate nguvu tena. Biashara ilipofunguliwa, kila nyumba hapa Kisesa ikawa na redio, na zile betri za bei rahisi zikawa zinakufa kwa wiki moja. Watu walizitupa. Mume wangu, Maige, alizikusanya.

Maige alikuwa fundi wa kupaka weusi mbao za shule, zile za kuandikia chaki. Alipasua betri, akatoa ule unga mweusi, tukautwanga na mkaa, tukachekecha, tukachanganya na maji ya majani ya viazi. Kutoka Magu mpaka Nansio hakuna ubao uliokuwa mweusi kama wetu. Mimi ndiye niliyechekecha. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha unga, basi nikasema tufanyie ndani, mlango ufungwe. Hilo lilikuwa wazo langu. Miaka saba tulitwanga humo, tukitema mate meusi na kuchekana meno.

Mwaka tisini na sita Maige akaanza kukanyagia vidole, visigino havigusi chini. Uso ukakauka kama kinyago. Siku moja Bashiru mwenye duka akamwona anapita.

"Mzee Maige, shikamoo! Siku hizi unatembea kama jogoo, unamfukuza nani?"

"Mke wako," Maige akajibu.

Watu wakacheka, naye akacheka. Wao wakanyamaza, yeye akaendelea. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, ananitazama kwa macho ya kuomba nimnyamazishe. Nikamshika mkono nikamrudisha nyumbani. Bashiru hakututazama.

Ndugu zake wakasema amerogwa. Nikampeleka mjini, hospitali. Daktari akauliza kazi yake, nikamweleza yote, hata mlango. Akaweka kalamu chini.

"Mama, ule unga una madini. Mkiuvuta unaingia kichwani na kujazana humo, hautoki upesi. Ukishajazana unaunguza ubongo kidogo kidogo, kama kutu inavyokula bati."

"Mume wangu si bati."

"Angekuwa bati, mama, angebadilishwa."

Akatupatia vidonge wanavyopewa watu wanaotetemeka. Akasema kwa ugonjwa wa namna hii mara nyingi havisaidii, lakini tujaribu. Havikusaidia. Akatuamuru tuache unga kabisa.

Mimi sikuacha. Naandika hili ili Modesta alisome. Tulikuwa tumeahidi shule tatu, na sikutaka mtu aseme nyumba ya Maige imeshindwa kazi. Nilisema yule daktari ni mtoto tu, anajua nini. Nikatwanga muhula mzima, mlango umefungwa, na Maige amekaa kwenye kigoda pembeni yangu kwa sababu hakupenda kukaa peke yake. Alikohoa, nikamwambia ageukie ukutani.

Shule zote tatu zikapata mbao zao. Walimu wakasifu.

Kufika Pasaka akawa anaanguka kinyumenyume kama mti. Maneno yakamwishia. Sasa ni mwaka wa tatu hajatoka nje kwa miguu yake. Namlisha uji kwa kijiko, nusu unarudi. Unga tuliuacha zamani, lakini ugonjwa haukujali. Unazidi kila mwezi. Nilirudi kwa yule daktari, nikamwamkia mimi kwanza, nikamuuliza kama kuna dawa ya kuyatoa hayo madini. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama ule muhula ndio uliommaliza. Akasema, "Mama, hilo siwezi kulijua." Alisema akitazama dirishani.

Basi mmesoma. Sitaki pole, nina pole za kutosha. Wewe mwalimu, kesho nenda kaulize ubao wako umepakwa nini na amepaka nani. Kama ni unga wa betri, nenda nyumbani kwa huyo fundi, ufungue mlango, umtoe nje pamoja na mke wake. Akikataa, mlete hapa Kisesa amlishe Maige uji siku moja. Usiniambie utafanya. Niletee jina la huyo fundi.